Nafasi ya Tuba

Verna Picou alikuwa na watu wake wote chini ya paa moja, na bado alikuwa akingoja habari. Mama mkwe wake, Bibi Theola, alikuwa amejilaza kochini na soksi zake. Kerwin, mwanawe wa pekee, alikaa sakafuni mbele ya televisheni, simu mapajani. Dada yake Verna, Earline, aliyepanga nyumba hiyo huko Houston, alikuwa jikoni anakoroga sufuria. Hakuna wa damu yao aliyekuwa amebaki New Orleans. Mtu angewachungulia dirishani angesema hawa wamshukuru Mungu, wazime taa, walale.

Lakini tangu Jumatatu, kimbunga kilipopita na kuta za mifereji zikapasuka, televisheni haikuwa na kitu cha kuonyesha ila maji. Maji na mapaa. Sasa ulikuwa usiku wa Jumatano, na Kerwin alikuwa akipiga namba moja tu, ya Mwalimu Alcide Rochon wa bendi ya shule. Kila akipiga, sauti ile ile ya mashine ilimjibu kwamba laini zote zina shughuli. Alikata, akapiga tena.

"Yule ni mtu mzima," Earline alisema akileta mabakuli. "Ana gari, ana akili. Atakuwa Opelousas kwa dada yake, anakoroma."

"Dada yake anasema hajafika."

"Basi yuko njiani. Kuleni. Kamba hawa wamesafiri kuliko mimi, msiwadharau."

Ilikuwa supu ya gumbo, nzito, yenye kamba wakubwa wakubwa. Bibi Theola aliamka kwa harufu peke yake. Verna alitia kijiko kinywani mara moja, akaliweka bakuli chini. Alinyanyuka, akaenda kusimama kwenye mlango wa nyuma, ambako hakukuwa na kitu cha kutazama ila uzio na gari lake.

Earline alimfuata. Akamwambia kwa sauti ya chini kwamba yeye kama dada haelewi. Nyumba yao huko Mtaa wa Tonti imezama mpaka madirishani, kila kitu walichokuwa nacho kimeoza, na Verna hajatoa chozi hata moja. Ila huyo mwalimu wa matarumbeta ndiye anayemnyima usingizi. Kuna nini kati yao?

"Hakuna kitu," Verna alisema. "Ni mwalimu wa mtoto."

Kitu kilikuwepo, lakini si kile Earline alichokifikiria.

Shule yenyewe ilikuwa Delpit. Jina lake kamili lilikuwa refu, Shule ya Sekondari ya Lucien Delpit, lakini hakuna aliyelitumia ila siku za mazishi. Jengo la matofali mekundu, ghorofa tatu, ngazi pana mbele zilizolika katikati kwa viatu. Lilijengwa zamani zile watoto weusi wa upande ule walipokuwa wakihesabiwa wamebahatika wakipata hata darasa la nane. Mama yake Verna alisoma pale. Mumewe Raynell, Mungu amrehemu, alisoma pale na kupiga tuba. Na New Orleans, mtu akikuuliza ulisoma wapi, hakuulizi chuo wala shule ya msingi. Anauliza sekondari, na jibu likishatoka ameshajua mtaa wako, kanisa lako, na karibu ajue mnakula nini Ijumaa. Verna alijibu siku zote, "Delpit," kisha akageuza maneno. Alikuwa ameacha katikati ya mwaka wa pili, mama yake alipopooza upande mmoja na akakosa mtu wa kumgeuza kitandani. Aliyeuliza hakuhitaji kujua hilo. Kerwin ndiye angemaliza kwa niaba yake. Mwaka ule ndio alikuwa ameanza darasa la mwisho, wiki mbili tu.

Tuba ya Raynell sasa ilikuwa ya Kerwin. Ilikuwa mali ya shule, lile tarumbeta kubwa linalomzunguka mpigaji mwilini kama chatu na kufungua mdomo juu ya kichwa chake. Ndani ya mdomo huo, kila aliyeipiga mpaka akamaliza shule alikwaruza jina lake kwa msumari. Walimu walikataza kwa maneno na kuazima msumari kwa mikono yao wenyewe. Jina la Raynell lilikuwamo, herufi zimepinda. La Kerwin lilikuwa likingoja Mei, mwezi wa kuhitimu.

Ijumaa ile, kabla ya kimbunga, Mwalimu Rochon aliwaambia wanabendi kila mmoja abebe chombo chake aondoke nacho. Chumba cha bendi kilikuwa chini kabisa, na mvua ya kawaida tu ilitosha kulowesha zulia. Wakibaki mjini, wabaki nacho. Wakikimbia, wakimbie nacho. Wote walicheka, maana kukimbia kimbunga lilikuwa jambo walilozoea: unapakia nguo za siku tatu, unalala kwa ndugu, unabishana na ndugu, unarudi nyumbani kuokota matawi uani.

Jumamosi Verna alipakia nguo za siku tatu. Gari lilikuwa Buick kuukuu. Bibi Theola alitaka kiti cha mbele kwa ajili ya miguu yake. Nyuma palibaki nafasi ya Kerwin na ya kitu kingine kikubwa kimoja. Tuba ilikuwa kitu kikubwa. Sanduku la barafu nalo lilikuwa kitu kikubwa.

Ndani ya sanduku lile mlikuwa na kamba. Verna alikuwa amewanunua kwa wavuvi wa ghuba alipowapata kwa bei nzuri, akawaosha, akawagandisha kwenye mifuko, wangoje ubatizo wa mtoto wa binamu yake. Umeme ungekatika, kama ulivyokatika kila mwaka, wangeoza, na harufu ya kamba waliooza kwenye friji haitoki hata kwa dua. Mjini pale watu walikuwa wakitupa friji nzima kwa sababu hiyo. Alisimama uani akitazama kiti cha nyuma.

Kerwin alikuwa amemwambia asubuhi, "Mama, tuba nitaipakata. Baba yumo mle."

Verna akamtuma akanunue barafu. Kijana alipopotea kwenye kona, aliingia ndani akampigia mwalimu. Alimkuta naye anafunga safari. Akamwambia hana nafasi, na chombo ni cha shule, akikiacha nyumbani kikapotea hataki lawama, afadhali mwenyewe aje akichukue. Mwalimu akasema, "Haya, Bi Verna. Kiache barazani, nitakipitia." Hakuonyesha hasira. Verna angependa aonyeshe.

Aliiweka tuba barazani, akaifunika kwa shuka. Kerwin aliporudi na barafu, alikuta baraza tupu na mama yake anafunga buti la gari.

"Mwalimu kapita mwenyewe," alimwambia. "Kaitaka. Kasema kwake itakuwa salama zaidi."

Mtoto alimwamini. Alimwaga barafu juu ya kamba, akakaa pembeni yao, wakaondoka.

Habari zilikuja Ijumaa mchana, si kwa simu ya mwalimu bali kwa mpiga ngoma mmoja aliyemwona kwenye daraja la barabara kuu, amelala juu ya mlango uliong'olewa, anasubiri helikopta. Alikuwa hai. Alikuwa shuleni Delpit siku zote zile, ghorofa ya tatu, pamoja na majirani wasiokuwa na magari waliokuja kugonga wakaona ana funguo. Kerwin aliruka mpaka Bibi Theola akapiga kelele kuhusu majirani. Verna aliingia bafuni akafungulia maji ya sinki ili asisikike.

Baadaye zikaja habari nyingine. Mwalimu alikuwa hospitali San Antonio. Mguu ulikuwa umechanwa na kitu ndani ya maji yale machafu, naye alikuwa na ugonjwa wa sukari, na madaktari waliukata chini ya goti. Mtu huyu ndiye aliyekuwa akitembea kinyumenyume mbele ya bendi maandamano yote ya sikukuu ya Mardi Gras, maili baada ya maili, akiwatazama watoto usoni ili asiwepo atakayethubutu kuchoka.

Verna alijiambia angeandika barua. Hakuandika. Alijiambia angepiga. Akapata kazi ya kukunja mashuka katika hoteli huko Houston, na kila siku akakunja mashuka.

Mwezi wa Novemba, watu wa Delpit waliotawanyika Houston walikutana kwenye ukumbi wa kanisa. Kulikuwa na uvumi kwamba wakubwa wa shule hawatalifungua tena jengo. Mama mmoja aliyestahili heshima, Bi Ernestine Labat, aliyemaliza wakati wazee wengi pale ukumbini walikuwa bado wananyonya, alisimama kuisimulia historia ya shule ili vijana waijue na wajue cha kupigania. Alitaja mwalimu mkuu wa kwanza aliyekuwa akisimama mlangoni na kipande cha chaki kupima urefu wa sketi. Akataja mwaka ambao timu ilishinda, na miaka mingi ambayo haikushinda. Watu wakacheka. Halafu akafika kwenye kimbunga.

Alisema mwalimu wao wa bendi alikuwa ameshapakia gari, njia iko wazi, akakumbuka matarumbeta ya Delpit. Akarudi. Hakuna aliyemwita, alirudi kwa mapenzi yake. Na huko juu, maji yalipozunguka, alitoa tuba dirishani akaipuliza mpaka maboti yakasikia. Ukumbi mzima ulisimama. Kerwin alipiga makofi huku machozi yakimtiririka bila kuyafuta.

"Bi Verna," yule mama akasema, "tuba si ya mwanao? Hebu tuambie neno."

Verna alisimama. Nyuso zote zilimgeukia, nzuri, zenye njaa ya jambo jema. Aliona midomo ya mwanawe imeachama kama ya mtoto anayengoja kulishwa.

"Ni kweli," alisema. "Alirudi mwenyewe."

Akaketi. Mwanamke wa kiti cha pili alimshika mkono, akauminya, na Verna akaona aibu kuuondoa.

Kuanzia hapo ile hadithi ilitembea yenyewe. Aliisikia saluni. Aliisikia kwa mtu ambaye hakusoma hata Delpit. Earline, ambaye hakuwahi kuwa na la kusema juu ya bendi ila kelele, aliwasimulia wapangaji wenzake, akiongeza upepo na radi. Na kila iliposimuliwa, palikuwa na sentensi moja, hakuna aliyemwita, na Verna aliingoja ifike kama mtu anayengoja sindano.

Wakubwa walitangaza baada ya Mwaka Mpya: Delpit haitafunguliwa. Watoto waliorudi mjini wapelekwe kwingine. Walifunga milango kwa minyororo. Kerwin alimaliza masomo Mei katika shule kubwa ya Houston ambako hakuna aliyemuuliza alitoka wapi. Walimpa joho la rangi asiyoijua, naye akalivaa kama mtu aliyevaa koti la jirani. Tangu afike Houston hakuwa amepuliza chombo chochote. Jioni ile ile alimwambia mama yake anataka waende kumwona Mwalimu Rochon. Mwalimu alikuwa amerudi nyumbani kwake New Orleans, kwenye trela ya kuishi aliyowekewa uani wakati nyumba inatolewa tope.

Waliondoka Jumatatu alfajiri. Kwa kuwa ilikuwa Jumatatu, siku ya maharage mekundu huko New Orleans, Verna alikuwa ameyapika tangu usiku, na sufuria ilikaa kiti cha nyuma, imefungwa mkanda, mahali pale pale palipokuwa na sanduku la barafu. Aliiona kwenye kioo kila alipotazama magari ya nyuma.

Walivuka mpaka wa Louisiana bila maneno mengi. Baada ya mji wa Lake Charles Kerwin akaanza kusema, macho yakiwa barabarani.

"Kuna swali nataka kumuuliza. Nataka anijibu yeye, si hawa wa kanisani."

"Swali gani?"

"Kwa nini. Mtu umeshapakia, njia nyeupe, unarudije kwa ajili ya bati? Mimi nisingerudi, Mama. Nimejipima, nisingerudi. Nataka nijue yeye ana nini ambacho mimi sina."

Verna aliendesha. Akapita lori, likampita, akalipita tena. Alikuwa amejifunza kuishi na hadithi ikisimuliwa na watu. Lakini sasa mtoto wake alikuwa anajipima kwayo na kujiona amepungua. Na saa chache mbele, mtu mwenye mguu mmoja angeulizwa swali ambalo jibu lake lilikuwa limekaa hapa kwenye usukani.

"Nilimwita mimi," alisema.

"Ulimwita nani?"

"Mwalimu. Ile Jumamosi. Hakuja kuitaka tuba. Nilikutuma barafu, nikampigia, nikamwambia sina nafasi, aje aichukue. Nafasi nilikuwa nayo. Niliwapa kamba."

Kerwin aligeuza uso dirishani. Kwa muda mrefu Verna alisikia injini na mfuniko wa sufuria ukigongagonga nyuma. Alingoja akemewe. Karibu na Baton Rouge, Kerwin alisema, kama mtu anayeongea na kioo, "Na tuliwala." Basi.

Mtaa wa mwalimu ulikuwa na mstari ulioachwa na maji ukutani, nyumba hadi nyumba, umenyooka kana kwamba mtu aliupiga kwa rula. Trela nyeupe ilikaa uani, na vingazi vya mbao mbele yake. Kerwin alishuka kabla gari halijazimwa. Alipogonga, palisikika mguno, kitu kikaburuzwa, mlango ukafunguka. Mwalimu Rochon alikuwa amekonda, ndevu zimekuwa nyeupe zote. Aliegemea gongo moja, akamshika kijana kisogoni kwa mkono mwingine, akamvuta mpaka vipaji vya nyuso vikagusana.

"Umekuwa mrefu. Mapafu je? Au Houston wamekufundisha kupumua kwa pua tu?"

Kerwin akacheka, sauti ikakatika. Mwalimu akatazama juu ya bega lake, kuelekea garini, jua likiwa machoni.

"Na yule ni nani?"

"Dereva," Kerwin alisema.

Akaingia, na mlango ukafungwa.

Verna alitoka, akaifungua sufuria mkanda, akaibeba kwa vitambaa viwili. Hakujua pa kwenda nayo. Kugonga hakuweza, kurudi garini hakuweza. Aliketi kwenye kingazi cha chini, sufuria magotini, joto likipenya gauni. Dirisha la trela lilikuwa wazi kidogo juu ya kichwa chake. Mashine ya hewa ilikuwa imekufa, ndiyo maana.

Ndani, Kerwin hakuzunguka. Aliuliza kama ni kweli mama yake alipiga simu.

Gongo liliwekwa chini.

"Kakwambia?"

"Leo. Barabarani."

"Alipiga. Unadhani ni yeye peke yake? Mama yake Desmond alipiga. Bibi wa wale mapacha wa klarineti alipiga, yeye alisema ana mbwa. Jumamosi nzima nilikuwa mchukuzi. Hakuna gari la mtaa huu lililokuwa na nafasi ya Delpit, lakini ya mbwa ilikuwepo."

"Kwa hiyo si kosa lake."

Verna alishika masikio ya sufuria.

"Sikusema hivyo," mwalimu akajibu. "Hao wengine walipiga asubuhi. Yeye alipiga nimeshafunga buti, ufunguo uko mkononi. Nilikuja kwenu, nikaipeleka shule, nikaipandisha ghorofa ya tatu. Nikiwa kule nikasema ngoja nipandishe na ngoma. Ngoja na sare. Nikalala palepale. Kesho yake watu wakaanza kugonga, nami ndiye mwenye funguo. Ungewaambia nini?"

"Watu wanasema hakuna aliyekuita."

"Nasikia. Nilitaka niwe hivyo. Inapendeza, eti? Hata hiyo ya kupuliza dirishani. Pumzi hiyo ningeitoa wapi, na njaa ile? Tulitandaza shuka dirishani ili watuone. Shuka jeupe lililokuwa limefunika tuba yako."

Shuka lake. Verna alilikumbuka, lilikuwa na maua madogo ya bluu pembeni. Alimsikia Kerwin akiuliza tuba iko wapi sasa, na mwalimu akijibu kwamba iko kule kule juu, kavu, na jina la baba yake ndani, na mnyororo mlangoni chini, na wale wenye mnyororo hawapokei simu.

Kisha sauti zilishuka, asisikie tena. Jua lilisogea juu ya uzio. Jirani aliyekuwa akitoa mbao zilizooza alipita na toroli, akamsalimu, akamuuliza kama anangoja kufunguliwa. Verna alisema ndiyo. Jirani akanusa hewani akasema kwa harufu hiyo yeye angevunja mlango.

Maharage yalianza kupoa. Alikuwa na maneno aliyoyatayarisha tangu Septemba, na sasa hakupata hata moja lisilojaribu kumpunguzia yeye mwenyewe mzigo. Akayaacha.

Mlango ukafunguka nyuma yake. Hakugeuka. Aliona viatu vya Kerwin vikishuka kingazi kimoja, kingine, vikasimama kando yake. Mwanawe aliinama, akamchukulia sufuria magotini pamoja na vitambaa vyake, bila kumtazama, akapanda nayo ndani. Mikono yake yote miwili ilikuwa imejaa. Mlango ulibaki wazi, na Verna alikaa pale chini, akisikiliza kama kuna mtu atakayekuja kuufunga.